Kichujio kinasema tanzia ya baba yangu iliandikwa na mashine

#1 MwanaUmoja (mleta uzi)

Wadau, salamu. Jambo hili nimekaa nalo karibu wiki mbili. Naliweka hapa kwa sababu najua humu kuna walimu, kuna watu wa kompyuta, na kuna watu wanaokipenda Kiswahili bila kulipwa na yeyote.

Kazi yangu ni kuweka alama kwenye data, hapa hapa Nairobi. Nilipoanza ilikuwa picha: zungushia gari mstari, zungushia mtu anayevuka barabara, siku nzima. Siku hizi ni maandishi ya Kiswahili yaliyookotwa mitandaoni, na swali tunaloulizwa ni moja tu: hili limeandikwa na mtu au na mashine? Kabla halijanifikia limeshapita kwenye kichujio, ambacho nacho ni programu, na juu yake limebandikwa namba kati ya 0 na 100. Namba ikipanda, kichujio kinadai ni kazi ya mashine. Chini kuna vitufe vitatu: MTU, MASHINE, RUKA. Nikibonyeza MASHINE linatupwa. Nikibonyeza MTU linakwenda kufunza modeli ya akili unde, yaani programu inayojifunza kuandika kwa kusoma maandishi mengi. Ofisi sitaitaja, mteja sitamtaja, na andiko la mtu mwingine sitalimwaga hapa.

Lakini hili ni langu mwenyewe.

Jumanne saa nne asubuhi ililetwa tanzia. Majina yote yalikuwa yamefutwa, kila mahali pameandikwa JINA:

"Kwa masikitiko makubwa, familia ya JINA inatangaza kifo cha mpendwa wao JINA, kilichotokea baada ya kuugua kwa muda mfupi. Ndugu, jamaa na marafiki wanakutana nyumbani kwa marehemu kila jioni kwa maombi na matayarisho ya mazishi. Kwa sababu ya kafyu tutakuwa tunamaliza saa moja na nusu. Kiti chake bado kiko hapo mlangoni. Mkija msiogope kukikalia."

Nilifika kwenye kiti nikaacha kusoma. Maneno hayo niliyaandika mimi, Septemba 2020, nimekaa kwenye ngazi za ploti yetu huko Umoja na simu iliyopasuka kioo, kwa sababu kaka yangu mkubwa alijaribu akashindwa kupita neno "mpendwa". Niliyaweka Facebook, kwenye kundi la mtaa, ili majirani wajue. Juu yake kichujio kilikuwa kimeandika 91.

Mwaka 2020 ChatGPT haikuwapo. Ilitoka Novemba 2022. Hakuna mashine iliyokaa nami kwenye ngazi zile.

Siku hiyo hiyo mchana likaja andiko jingine. Nimelibadilisha kidogo, lakini lilikuwa hivi: "Xaxa wasee, jana nilishika mathree ya Rongai pale Railways, konda akaniitisha soo, nikamshow sina, akanishusha Githurai nikatembea mpaka keja." (Yaani alipanda matatu ya Rongai, konda akamdai shilingi mia, hakuwa nayo, akashushwa Githurai akatembea hadi nyumbani.) Kichujio kililipatia 14. Maana yake: mtu kamili, kijana wa mjini. Nilikuwa nimeshapeleka kidole kwenye MTU. Jirani yangu wa meza, ambaye amezaliwa Githurai, akanishika mkono. "Gari la Rongai linapitia Githurai kwenda wapi?" Rongai unapita Lang'ata Road. Githurai iko Thika Road, upande mwingine kabisa wa jiji. Hata akiwa mlevi, konda hawezi. Na hiyo "xaxa" watu wa rika langu tuliiacha pamoja na simu za vibonyezo. Mashine imeokota Sheng ya miaka tofauti ikaichanganya kwenye sufuria moja, ikaweka na nauli juu, na kichujio kikaipokea kwa mikono miwili kwa sababu ilionekana chafu vya kutosha.

Haya ndiyo yaliyonikaa rohoni. Na kuna la pili, ambalo ndilo hasa ninaloomba ushauri. Ile tanzia sijaiamua. Nilibonyeza RUKA, na andiko likirukwa linarudi baada ya siku chache. Nikisema ukweli kwamba ni la mtu, maombolezo ya baba yangu yanakwenda kufunza modeli ya watu nisiowajua, na hakuna aliyeniuliza. Nikisema uongo kwamba ni la mashine, yanatupwa na kubaki yetu. Mngekuwa nyinyi mngebonyeza nini?

#2 Nyakio_K

Pole sana kwa mzee, hata kama ni miaka imepita. Hicho kiti nimekiona.

#3 FundiChujio

Pole ndugu. Nimewahi kufanya kazi ya kusafisha data, kwa hiyo niache nieleze kwa nini ile 91 haikunishangaza, ingawa imeniuma.

Vichujio vingi vya aina hii vinapima mshangao. Programu inasoma neno moja moja na kila mara inajaribu kubahatisha neno linalofuata. Ikibahatisha sawa mara nyingi, inasema: hapa hapana jipya, hii lazima ni mashine, kwa sababu mashine huchagua neno linalotarajiwa. Ikikosea mara nyingi inasema ni mtu. Sasa chukua tanzia. "Kwa masikitiko makubwa familia ya..." Mkenya yeyote anaweza kuimalizia amefumba macho. "Ndugu, jamaa na..." unajua linalokuja. Tanzia ni andiko la watu wote. Tunaliazima kwa sababu siku ile hatuna nguvu ya kutunga. Mtu anayelia hashangazi programu. Hali ni hiyo hiyo kwa kadi za harusi, matangazo ya harambee na barua za kuomba kazi. Mahali ambapo jamii imekubaliana maneno, kichujio kinaona mashine.

Na usidhani wakubwa wamelitatua. OpenAI wenyewe, waliotengeneza ChatGPT, walitoa programu ya kutambua maandishi ya mashine Januari 2023. Kwa hesabu zao wenyewe ilikamata asilimia 26 tu ya yaliyoandikwa na mashine, na ikawasingizia watu asilimia 9 ya wakati. Julai mwaka huo wakaifunga kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Na hiyo ilikuwa kwa Kiingereza, lugha yenye data ya kumwaga.

Kuna vichujio vya zamani zaidi ambavyo havikuwa na haja na mashine, na navyo vimetuumiza. Mkusanyo wa kurasa za intaneti uitwao C4, ambao Google waliutengeneza kufunza modeli za Kiingereza, ulikuwa na sheria kwamba mstari usioishia kwa alama kama nukta unatupwa. Wewe uliona wapi mtu wa WhatsApp anaweka nukta? Ukurasa wenye neno hata moja kutoka kwenye orodha ya matusi ulitupwa wote. Ndugu yake wa lugha nyingi, mC4, ulitumia programu ya kutambua lugha, na ukurasa ambao programu haikuwa na uhakika wa asilimia 70 ni lugha gani, ukaachwa nje. Sasa leta hapa mazungumzo ya Nairobi: sentensi inaanza kwa Kiswahili, katikati inaingia Kiingereza, inamalizia kwa Sheng na neno la Kikuyu. Programu inauliza, hii ni lugha gani? Haipati jibu. Inatupa. Hivyo ndivyo mji mzima unavyoweza kuzungumza mtandaoni miaka 15 na usisikike.

#4 Mwalimu wa Kayole

Nimesoma ya FundiChujio mara mbili, na sasa lazima niseme kosa langu.

Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne. Mwaka jana msichana mmoja aliniletea insha iliyoanza hivi: "Jua lilikuwa limeanza kuchomoza, likitandaza miale yake ya dhahabu juu ya vilele vya milima." Ilikuwa safi mno kwa mtoto ambaye muhula uliotangulia alikuwa akipata alama 9 kwa 20. Nilipiga chapa aya mbili kwenye simu nikaziweka kwenye tovuti ya kupima. Ikasema kwa uhakika mkubwa ni mashine. Nikamsimamisha mbele ya wenzake.

Hakunijibu. Alifungua daftari lake la kidato cha pili akaniletea mezani. Ile sentensi ya jua ilikuwa humo, kwa mwandiko wake, na juu yake tarehe. Niliwaandikia mimi ubaoni, kama mfano wa mwanzo mzuri wa insha. Alikuwa ameihifadhi mwaka mzima akisubiri mahali pa kuitumia.

Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile. Lakini nimefikiria sana tangu siku hiyo. Sisi walimu tumewakaririsha watoto misemo, "hamadi kibindoni", "alitoka shoti kama mshale", tukawapa alama kwa hiyo misemo, kisha programu inakuja kutuambia yeyote anayeandika kwa misemo si mtu. Watafiti wa Stanford walipima jambo kama hilo mwaka 2023: walichukua insha 91 za mtihani wa Kiingereza wa TOEFL, za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na programu za kupima zikadai zaidi ya nusu ni za mashine. Za watoto wa Marekani zilipita karibu zote. Anayejifunza lugha kwa bidii, kwa maneno machache aliyopewa, ndiye anayeshtakiwa.

Tovuti ile nimeiacha. Sasa nikiwa na shaka namwita mwanafunzi tunakaa, ananieleza kwa mdomo kilichomfanya aandike alichoandika. Inakula muda, lakini nashika watu wachache na nawashika kwa haki.

#5 BintiMvita

Mimi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, ninakaa South B hapa Nairobi mwaka wa saba huu. Mwalimu umenigusa pahali.

Kazini kwangu nimeambiwa si mara moja, "mbona unaandika kama ChatGPT?" Kisa? Niliandika "naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu" kwenye kundi la ofisi. Hicho ni Kiswahili cha nyanyangu. Nyanya akinitumia ujumbe husema, "Mwanangu, amana yako nimeipokea, Mola akuzidishie pale ulipopunguza." Hajasoma modeli yoyote, na hajui hata kubadilisha mlio wa simu yake. Pwani watu wanazungumza hivyo sokoni wakinunua samaki.

Na tuulizane mashine hiyo adabu iliipata wapi. Kwa muda mrefu maandishi ya Kiswahili ambayo watafiti waliyapata kwa wingi yalikuwa ya dini na ya habari: Biblia, magazeti, idhaa. Kiswahili kilichonyooka. Kwa hiyo imejifunza kwetu, imezungumza kama sisi, na sasa sisi tunaambiwa tunafanana nayo. Mtu akinakili mwandiko wako, wewe ndiye utakayekamatwa kwa kughushi?

MwanaUmoja, sikupi jibu la kitufe. Nakuuliza swali: mama yako anasemaje?

#6 MwanaUmoja

Dada, mama sijamwambia. Sijui hata ningeanzia wapi kumweleza.

#7 Kijana_Roysambu

Naheshimu uchungu wa kila mtu hapa, lakini mnaonaje tukiacha kuchuja? Data ya Kiswahili ni kidogo. Kwenye Common Crawl, ule mkusanyo mkubwa wa kurasa za intaneti, Kiswahili hakifiki hata asilimia moja, na Kiingereza pekee kinakaribia nusu. Tukianza kutupa hiki na kile tutabaki na nini? Yaingie yote, ya mtu na ya mashine. Modeli ikiwa kubwa itajua yenyewe.

#8 FundiChujio

Kijana, hoja yako si ya mtu mjinga, ni ya mtu mwenye njaa, na njaa hiyo naijua. Lakini sikiliza kilichotokea kwenye jaribio moja.

Ilia Shumailov na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature, Julai 2024. Walichukua modeli, wakaifunza kwa maandishi ya watu. Kisha maandishi ya modeli hiyo yakafunza ya pili, ya pili ikafunza ya tatu, hivyo hivyo. Sentensi moja ya kuanzia ilihusu minara ya makanisa ya kale ya Uingereza. Kizazi cha kwanza bado kinazungumza majengo, ingawa kinayumba. Kufikia kizazi cha 9 mashine inataja sungura: wenye mkia mweusi, wenye mkia mweupe, wenye mkia wa buluu, wenye mkia mwekundu, haina breki. Minara imepotea.

Kinachonitisha ni mpangilio wa kupotea. Vinavyokufa kwanza ni vile adimu. Neno linalotokea mara chache, kizazi cha kwanza hulitaja mara chache zaidi, cha pili hakilitaji, cha tatu hakijui kama liliwahi kuwapo. Sasa katika hizo data za dunia, adimu ni nani? Kiswahili chenyewe ni adimu. Sheng ya Kaloleni ni adimu ndani ya adimu. Nyanya ya BintiMvita yuko pembeni kabisa. Sisi ndio tutakaokatwa kwanza, Kiingereza kitabaki kinanenepa.

Nikuwekee na upande wa pili ili nisiwe muongo: mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba ukiyatunza maandishi ya watu na kuongeza ya mashine juu yake, badala ya kuyaondoa ya watu, kuporomoka kunaweza kuzuilika. Lakini hapo ndipo penye shida yetu. Lazima uwe na akiba ya watu ya kutosha tangu mwanzo, na lazima ujue ipi ni ipi.

Uchafu wenyewe haukuanza na ChatGPT. Mwaka 2022 ilitoka kazi ya watafiti wengi, wakiwemo wengi wa Afrika, waliokagua kwa macho mikusanyo mikubwa ya lugha nyingi iliyookotwa mtandaoni. Walikuta mikusanyo isiyopungua 15 ambayo haikuwa na sentensi hata moja ya kufaa. Jalada linasema lugha fulani, ndani ni lugha nyingine au takataka. Na 2024 Brian Thompson na wenzake wakaonyesha kwamba kwa lugha zenye data kidogo, sehemu kubwa ya kinachopatikana mtandaoni ni tafsiri za mashine tangu zamani. Tovuti inataka matangazo, inachukua makala hafifu ya Kiingereza, inaimwaga kwa lugha 30 kwa mpigo. Umeshawahi kutafuta dawa ya chunusi kwa Kiswahili ukapata ukurasa unaosema "ngozi yako ni chombo kikubwa zaidi, endesha maji mengi"? Ndiyo hiyo.

Robyn Speer alikuwa na mradi wa kuhesabu maneno yanavyotumika katika lugha nyingi. Septemba 2024 alitangaza kwamba hatauendeleza tena. Sababu yake: baada ya 2021 mtandao umejaa maandishi ya mashine, hakuna tena wa kuhesabu anachosema mtu.

Mama yangu hununua mchele wa pishori Muthurwa. Kabla ya kulipa humimina kidogo kiganjani, anauona, anaunusa, maana anajua kuna wanaochanganya mchele wa nje na wa Mwea. Anachotaka ni pishori aliyoilipia. Njaa haijawahi kumfanya aache kuangalia.

#9 Kijana_Roysambu

Nimekuelewa mkuu. Hiyo ya sungura sikuwa nimeisikia.

#10 Wakili_wa_Ngara

Mnazungumza kuchuja, na hapo nimejifunza. Mimi nataka kurudi kwenye kitufe cha MwanaUmoja, kwa sababu hilo ni swali la idhini.

Andiko lako uliliandika ili majirani waje. Hilo ndilo lililokuwa kusudi. Kulitumia kufunza modeli ni kusudi jingine. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 31, inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema data ya mtu ikusanywe kwa kusudi lililo wazi na isitumiwe kinyume na kusudi hilo, na inampa mtu haki ya kupinga. Watakwambia wamefuta majina. Lakini umejitambua kwa kiti. Jirani yako wa 2020 naye angekitambua.

Angalia ilivyokwenda kwingine. Mwaka 2024 Meta ilipowaarifu watu wa Ulaya kwamba maandiko yao ya wazi ya Facebook na Instagram yatafunza akili unde, mamlaka ya ulinzi wa data ya Ireland iliingilia na kampuni ikasimamisha kwa karibu mwaka mzima. Iliporudi ilirudi na fomu ya kukataa. Septemba mwaka huo huo, Australia, kampuni ikakiri mbele ya maseneta kwamba maandiko ya wazi ya watu wazima yalikuwa yakichukuliwa tangu 2007, na Waaustralia hawakuwa na fomu kama hiyo, kwa sababu sheria yao haikuwalazimisha. Reddit, mtandao wa majadiliano, nao walikubaliana na Google, Februari 2024, kuwapa maandiko ya watumiaji wao, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa dola milioni 60 kwa mwaka. Pesa zilikwenda kwa kampuni. Waliokesha wakiandika majibu hawakupata hata asante.

Na msiseme Kenya haiwezi. Mnakumbuka foleni za KICC mwaka 2023, watu wanapigwa picha ya jicho kwa ajili ya Worldcoin, ule mradi wa sarafu ya kidijitali? Agosti ile serikali ilisimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data hiyo ifutwe. Inawezekana, ila lazima mtu alalamike.

Kuhusu kazi yako yenyewe: Januari 2023 jarida la TIME liliandika kwamba watu wa mji huu waliosomea OpenAI maandishi ya kutisha ili yachujwe walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Mei mosi mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 150 wa kazi kama hizi walikutana hapa Nairobi wakapiga kura kuunda chama. Vichujio navyo hujengwa kwa macho ya watu, wakiwemo majirani zetu. Kumbukeni hilo.

#11 Mtafsiri_Tanga

Niko huku Tanzania, samahani kwa kuingilia (nyie mnaita akili unde, sisi akili mnemba). Nataka kumpinga Wakili kidogo, kwa upendo.

Nimetafsiri miaka 12. Kiswahili cha mashine nakijua kwa harufu. "Ni muhimu kutambua kwamba." "Katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi." Kila aya urefu sawa, hakuna mtu aliyekasirika, hakuna mahali penye jina. Kila wiki naletewa maandishi kama hayo niyanyooshe, na kila mwaka yanaongezeka. Sasa kila mwenye Kiswahili kizuri akikataa chake kisichukuliwe, modeli haitakosa chakula. Itakula hicho. Na watoto wetu watajifunza hicho, maana ndicho watakachojibiwa wakiuliza.

Kuna watu walioamua kutoa kwa hiari. Common Voice ya Mozilla ina sauti za Kiswahili zilizosomwa na watu waliojua zinakwenda wapi. Mradi wa AfriSenti wa 2023 ulikusanya tweeti za lugha 14 za Afrika, Kiswahili kimo, na wazungumzaji wenyewe ndio walioziwekea alama za hisia. Hapo mtu alijua, na mwenye lugha alikaa mezani. Kwa hiyo mimi nasema kitolewe, lakini kwa kuombwa.

#12 Wakili_wa_Ngara

Kwa kuombwa, hapo tuko pamoja, ndugu. Shida ya MwanaUmoja ni kwamba hakuombwa.

#13 BintiMvita

Nimelala nikiifikiria. Nyanya akiniuliza kama maneno yake yatumike, nadhani atasema "yachukue, maneno hayaishi". Lakini akijua yalichukuliwa kisha nikamwambia, atanyamaza siku mbili. Tofauti ni kubwa.

#14 MwanaUmoja

Wadau, nimesoma yote, na mengine nimemsomea jirani yangu wa Githurai wakati wa chai. Nawarudishia yaliyotokea.

Kwanza kazini. Nilimwendea msimamizi wetu na tarehe. Sikumwambia ni ya nani, nilimwambia tu kwamba andiko la 2020 limepewa 91 na haiwezekani. Tulifungua maandiko 40 ya kabla ya Novemba 2022 yaliyokuwa na namba kubwa. Tanzia, harusi, salamu za Idd, barua ya mwenyekiti wa kanisa, tangazo la mtoto aliyepotea. Yote yalikuwa yakielekea kutupwa. Alikaa kimya, kisha akasema la mtoto aliyepotea analikumbuka, liliwahi kuzunguka kwenye simu yake. Tangu Jumatatu andiko lenye tarehe ya zamani halipitishwi tena kwenye kile kichujio, na lenye Sheng ya Nairobi lazima lisomwe na mtu aliyeishi Nairobi. Ya baada ya 2022 bado yanapita kama kawaida. Hapo hatujui la kufanya. Tanzia ya mtu aliyefariki juzi bado itapewa 91.

Pili, BintiMvita, nilikwenda kwa mama Jumapili. Nilimweleza nilivyoweza: kuna mashine inafundishwa Kiswahili, inasoma tulichoandika, na ile tanzia ya baba imo. Aliuliza kama jina lake lipo. Nikamwambia limefutwa, wameweka tu JINA. Akauliza jina la hospitali. Halipo. Akaendelea kuchambua mboga. Nikadhani ameacha.

Kisha akasema, "Na kiti? Kiti wamekitoa?"

Nikamwambia hapana mama, kiti wamekiacha.

"Basi waachie. Lakini wangeuliza."

Leo asubuhi tanzia ilirudi kwenye foleni yangu. Nimebonyeza MTU. Kwenye kisanduku cha maelezo, ambacho huwa tunakiacha wazi, nimeandika: "Mwandishi yupo. Hakuulizwa. Familia imeruhusu leo."